Ukuta wa Upande wa Uani

Tarehe 4 Februari

Kwako Mama mwenye nyumba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko kwa binti yako. Ulisema kwenye simu husikii vizuri, na kwamba bei ya nyumba haijadiliwi kwa kupigiana kelele, basi nimekaa kuandika. Kwangu ni nafuu pia. Mimi ni mwoka mikate, na kazi yangu ina vipindi virefu vya kusubiri unga uumuke.

Mkaguzi wa majengo alimaliza kazi yake wiki iliyopita. Alipanda paa, akaingia darini, akagongagonga kila ukuta kama daktari anayegonga mgongo wa mgonjwa. Kwa jumla ameisifu nyumba. Msingi ni imara na mbao hazina mchwa. Lakini amekuta mambo mawili. La kwanza, mfereji wa maji ya mvua upande wa uani umetoboka, na maji yamekuwa yakiteremkia ukutani kwa muda mrefu. La pili ni ukuta wenyewe, ule wa chumba chako cha kulala unaotazama uani. Kwenye ramani ni ukuta wa kawaida. Alipoupima, akakuta ni mnene mara tatu ya ulivyochorwa. Alipougonga haukulia kama tofali, ulilia bubu. Anadhani kuna uwazi ndani, na kwa kuwa chini kuna unyevunyevu, ushauri wake ni kuubomoa wote na kujenga upya.

Kwa hiyo, Mama, naomba tuiangalie bei upya. Kubomoa na kujenga ni gharama, na mimi si mtu mwenye uwezo mkubwa. Nyumba ni nzuri, sikatai, ila kuna nyingine mbili ninazoziangalia, na siwezi kusema hii imenikaa moyoni kuliko hizo.

Nasubiri neno lako.

Mwoka Mikate


Tarehe 11 Februari

Kwako Mwoka Mikate,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani, nikidhani labda mara ya kwanza niliona vibaya.

Mfereji nakubali. Ulitoboka, nikaweka ndoo, ndoo nayo ikatoboka. Toa gharama ya mfereji kwenye bei, yaishe.

Ukuta, hapana. Chumba ulikiona kwa macho yako, ukaona ni kidogo, ukanyamaza. Ngoja nikueleze kilivyokuwa kidogo, usije ukadhani kuna maajabu. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa magodoro. Ujenzi aliusimamia yeye, kwa sababu mimi nilikuwa muuguzi wa zamu ya usiku, na kuta zilipokuwa zinapanda nilipelekwa kozi mji mwingine. Niliporudi nikakuta chumba cha kulala kimepungua. Kabati la nguo nililopewa na baba yangu likakosa mahali pa kukaa, likatokeza mpaka mlangoni, na tangu siku hiyo tukawa tunaingia chumbani kwetu ubavuubavu kama wezi. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema mwashi alikosea kamba ya kupimia. Nikamwambia, mwashi anakosea kamba, wewe ulikuwa unaangalia ndege? Akacheka. Ndivyo alivyokuwa, ukimgombeza anacheka, halafu anakwenda kukuletea chai. Nikampa jina la Bwana Kamba, majirani wakalidaka, na akazikwa nalo.

Basi ukuta ni mnene kwa sababu ya uzembe, na uzembe huo ni wa matofali mengi. Tangu lini ukuta mnene ukawa kasoro? Watu wananunua nyumba zenye kuta za kadibodi na wanashukuru.

Bei haishuki. Fedha ya nyumba hiyo ndiyo itakayonijengea chumba changu hapa uani kwa binti yangu. Kwa sasa nalala na wajukuu watatu, na mmoja anapiga mateke.

Mama Zamu
(wodini waliniita hivyo, na wewe niite hivyo hivyo)


Tarehe 12 Februari

Jirani yangu mpenzi,

Habari za huko, na goti linaendeleaje? Mnunuzi ameanza visa. Mkaguzi wake amekuta ukuta mnene, sasa anataka nimteremshie bei. Wewe ndiye mwenye funguo, unamwona akiingia na kutoka. Niambie ni mtu wa namna gani. Anazunguka kama mtu anayenunua, au kama mtu anayepoteza muda wa watu?

Wewe nakwambia ambalo yeye sikumwambia. Sikuondoka pale kwa uzee, wala binti yangu hakunilazimisha. Nilikikimbia kile chumba. Tangu Bwana Kamba azikwe, kimya cha mle ndani kimekuwa kama maji. Naingia, nafunga mlango, nacho kinaanza kupanda taratibu, miguuni, kiunoni, kifuani. Zamani sikukiona kuwa ni kimya. Nilikiita usingizi. Alipoondoka ndipo nikasikia jinsi chumba kilivyo bubu, nikasema kumbe hivi ndivyo mtu anavyokosekana. Mwishoni nilikuwa nalala jikoni, kwenye kiti, nikisikiliza bomba likidondosha maji.

Bora mtu mwingine anunue, aweke redio, aweke watoto, kimya kile kitoke. Lakini sitaki kupunjwa juu ya huzuni yangu.

Mama Zamu


Tarehe 19 Februari

Mama Zamu wangu,

Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Sasa keti vizuri nikupe habari, maana nimeibana mpaka mbavu zinauma.

Huyo mnunuzi wako ni mpole, ana unga kwenye nyusi, na kila akija ananiletea mkate. Kwa hiyo jua kabisa kwamba shahidi wako ameshahongwa. Mara ya kwanza aliomba funguo apime madirisha. Nikampa. Akakaa humo tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Mara ya pili akasema kuna dirisha moja alilisahau. Mara ya tatu, dirisha lile lile. Nikasema moyoni, huyu ana mwanamke humo ndani. Nikajikongoja na goti langu mpaka ubavuni mwa nyumba, nikachungulia dirishani.

Shoga yangu, amelala! Sakafuni, juu ya koti lake, katikati ya chumba chako kitupu, mdomo wazi, usingizi wa pono. Na wajukuu zangu walikuwa uani kwako wanapiga mpira kwenye lile geti la bati, kelele za kufufua maiti, yeye wala hakugeuka. Alipotoka shavu lake lilikuwa na alama za vifungo vya koti. Nikamuuliza, "Dirisha limepimika?" Akaniangalia kwa adabu zote, akasema, "Bado kidogo, Mama."

Huyo haendi popote. Usimteremshie hata thumni.

Jirani yako wa funguo


Tarehe 26 Februari

Kwako Mwoka Mikate,

Naomba unijulishe upana wa dirisha langu la chumbani. Nakuuliza wewe kwa sababu umelipima kuliko seremala aliyelitengeneza, na kwa habari nilizonazo, unalipima kwa shavu.

Mwanangu, nimewalinda watu waliolala maisha yangu yote. Namjua anayelala kwa sababu amechoka na namjua anayelala kwa sababu amefika. Unasema nyumba haijakukaa moyoni. Zile nyingine mbili umezilalia mara ngapi?

Bei ni ile ile.

Mama Zamu


Tarehe 5 Machi

Mama Zamu,

Shikamoo. Nilisoma barua yako nimesimama katikati ya wenzangu, masikio yakaniwaka mpaka mmoja akaniuliza kama tanuri limeniunguza.

Hakuna nyumba nyingine mbili. Ipo hiyo yako tu.

Nafanya kazi wakati watu wamelala, narudi wanapoamka. Nimepanga chumba juu ya karakana ya kuchomelea vyuma. Nikifumba macho wao wanawasha mashine. Nimeziba masikio kwa pamba, kwa nta, hata kwa kinyunga cha unga wa mkate, usicheke. Usingizi unakuja vipande vipande, na hakuna kipande kinachoungana na kingine. Mwezi wa kwanza nilisinzia nimesimama, mkono ukaangukia mlango wa tanuri. Kidonda kimepona, lakini msimamizi ameniambia nikisinzia tena atanitoa kwenye moto, na nje ya moto sina kazi ninayoijua.

Siku ile uliponionyesha nyumba, ulikwenda jikoni kunitafutia maji ya kunywa, nikabaki peke yangu chumbani. Nikaegemea ukuta. Mama, nilisikia mwili wangu wote unashuka, kama mtu aliyetua mzigo aliousahau kichwani. Uliporudi na maji ulikuta nimefumba macho, nikakudanganya kwamba naomba dua.

Tangu hapo nikawa narudi. Ndoto ninazoota humo sijawahi kuziota kwingine. Naota nimo ndani ya kinyunga kilichofunikwa kitambaa, joto limenizunguka, nami naumuka taratibu, bila mtu wa kuniharakisha. Nje watu wanapita. Naona midomo yao ikisema, lakini maneno hayafiki. Yanayeyuka njiani. Naamka sijui ni saa ngapi wala mimi ni nani, na kwa dakika moja hivi hilo halinisumbui hata kidogo.

Sasa umeniweka wazi, na mnunuzi aliyewekwa wazi hana nguvu. Hata hivyo habari ya ukuta si hila yangu. Mkaguzi ana wasiwasi nao, na mimi siwezi kununua kitu kitakachoniangukia nikiwa ndotoni. Niruhusu tutoboe tundu moja dogo tuone ndani kuna nini. Kukiwa salama, nitanyamaza juu ya bei.

Mwoka Mikate


Tarehe 12 Machi

Mwanangu,

Barua ya mtu anayesema kweli haichoshi kusoma. Pole sana na mkono. Umepaka nini? Usipake mafuta ya kupikia, najua nyinyi watu wa jikoni.

Toboa. Utakuta tofali, na nyuma ya tofali uzembe. Ila nikuonye kwamba marehemu hakupenda ukuta ule uguswe. Nilitaka kupigilia msumari nitundike picha yetu ya harusi, akanipokonya nyundo. Akasema ule ukuta una nyufa za ndani, utamwagika. Picha ikaishia kwenye ukuta wa choo, tunaoana mbele ya kila mgeni anayenawa mikono.

Uliyosema juu ya usingizi yamenikumbusha mambo. Nami nilikuwa naingia humo asubuhi, miguu imevimba, masikio yamejaa vilio vya wodi nzima. Navua viatu tu, basi. Nikiamka jua la jioni limekaa kwenye pazia, sijui ni leo au jana. Nilikuwa na watoto watatu wadogo wakati huo, na hawakuwahi kuniamsha. Wenzangu kazini walikuwa wanalilia usingizi, watoto wanawapandia vichwani. Mimi nikijisifu kwamba wangu wamelelewa, wana upole wa baba yao, mama akilala hata kikombe hakigongwi. Nadhani wengine walinichukia.

Ukishatoboa, niandikie.

Mama Zamu


Tarehe 20 Machi

Mama Zamu,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara kadhaa na kuichana. Afadhali niseme tu jinsi ilivyokuwa.

Mkaguzi alikuja na drili. Tofali la kwanza lilitobolewa vizuri, vumbi jekundu likamwagika. Halafu drili ikaingia ghafla bila kukwama popote, na ilipochomolewa ilikuwa imevikwa kitu cheupe. Jirani yako, aliyekuwa amesimama mlangoni na goti lake, akasema, "Hiyo ni sufi."

Ni sufi, Mama. Tulitoa matofali machache tukamulika. Ukuta ule ni kuta mbili. Kati yake kuna nafasi, na nafasi hiyo imejaa magodoro. Ni magodoro membamba na marefu, ya kitambaa cha milia, yamesimamishwa wima, moja limebanwa na jingine tangu sakafuni mpaka darini, upande wote. Yameshonwa kwa mkono. Kila mshono umefungwa fundo mara mbili. Mkaguzi amekagua nyumba nyingi na hajawahi kuona kitu cha namna hii. Alivua kofia, akaiweka tena, akavua.

Maji ya mfereji yameozesha yale ya chini kabisa. Ya juu ni makavu, kama yaliwekwa jana. Mkaguzi sasa anasema kuta zote mbili ni imara, hakuna haja ya kubomoa, ukitengenezwa mfereji na kubadilishwa magodoro ya chini.

Alipoondoka nilibaki. Watoto walikuwa uani. Niliweka sikio kwenye lile tundu nikasikia kelele zao kwa mbali sana. Nikaliziba kwa mkono, zikakoma.

Nimekuwekea kipande cha sufi humu ndani ya bahasha. Sijui kama nimefanya vizuri. Nilifikiri ni chako.

Mwoka Mikate


Tarehe 9 Aprili

Mama Zamu,

Shikamoo. Umenyamaza, nami sijui kama nimekuudhi. Kama ni kwa sababu ya bei, bei nimeiacha. Nitalipa uliyoitaja mwanzo. Nijulishe tu kwamba u mzima.

Mwoka Mikate


Tarehe 12 Aprili

Mwanangu,

Mimi ni mzima. Hukuniudhi. Nilikuwa siwezi kushika kalamu.

Nilipofungua bahasha yako ile sufi iliruka. Mjukuu wangu mdogo akaikimbiza chumba kizima akiipuliza, wenzake wakamfuata, nami nikawa nimekaa tu natazama kitu cheupe kinapanda na kushuka kwenye mwanga wa dirisha, hakitaki kutua. Nikasoma barua. Nikairudia. Nikamwita binti yangu, nikamuuliza, "Mlipokuwa wadogo, nikiwa nimelala mchana, mlikuwa mnafanya nini?"

Akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, sisi? Tulikuwa tunapiga masufuria uani. Tulikuwa na bendi. Kaka alivunja geti kwa baiskeli, mbwa wa jirani alikuwa anatubwekea. Baba alituambia pigeni kelele mtakavyo, ila mlango wa chumba cha mama msiufungue."

Watoto wapole! Niliwasifia wodi nzima.

Sasa sikiliza. Mwaka ule wa ujenzi duka lake lilifungwa miezi mingi. Alisema mvua iliingia ghalani ikaharibu sufi yote. Nilimgombeza sana. Nilimwambia fundi wa magodoro asiyejua kufunika sufi ni sawa na muuguzi asiyejua kufunga bendeji. Akacheka. Akaniletea chai. Kumbe sufi ya msimu mzima aliishona akaiweka ukutani, na watu wanaosubiri magodoro akawarudishia fedha zao. Akakubali kuitwa mzembe. Akakubali kabati, akakubali kuingia chumbani kwake ubavuubavu mpaka anazeeka, akakubali lile jina. Na mimi niliyemjua kuliko watu wote sikujua.

Nimemkasirikia, mwanangu. Nimelia kwa hasira kwanza, huzuni ikaja nyuma. Kwa nini hakusema? Naijua sababu. Angesema, ningemwambia avunje, arudishe sufi dukani, mimi si mtoto wa kubembelezwa. Ningesema hivyo hivyo, kwa sauti hii hii. Alijua. Kwa hiyo akanibembeleza kwa siri, mchana baada ya mchana, na mimi nimelala.

Na jambo ambalo sikukwambia ni kwamba nilihama kwa kukikimbia kimya cha chumba hicho, na kimya hicho ni yeye. Nilidhani ndiko kutokuwepo kwake, kumbe ndicho alichoniachia. Nimekitoroka, nikakitangaza kinauzwa, nikataka mtu akifukuze kwa redio.

Nisamehe. Siuzi. Nimemwambia binti yangu narudi. Najua umehitaji chumba hicho kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na najua mkono wako. Lakini siwezi.

Mama Zamu


Tarehe 18 Aprili

Mama Zamu,

Shikamoo. Nimekuelewa. Nisingependa kulala mahali ambapo mwenyewe anakesha akipakumbuka.

Sitasema sikuumia. Siku niliyopata barua yako nilikwenda mpaka getini, nikasimama, nikarudi. Jirani alinipa chai, hakuniuliza kitu, na kwa mtu kama yeye hiyo ni huruma kubwa.

Jambo moja nimelifanya bila ruhusa yako. Mvua zimeanza, na kila tone linaingia mle kwenye magodoro. Nimemleta fundi, mfereji umetengenezwa. Usinirudishie chochote. Nimelala kwako bure mara nyingi.

Nimeambiwa na rafiki kuna chumba kinapangishwa karibu na shule. Mchana watoto wako madarasani, pengine kutakuwa na utulivu, isipokuwa saa za mapumziko. Nitajaribu.

Ulale vizuri, Mama.

Mwoka Mikate


Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Nakuandikia nikiwa sakafuni, mgongo umeegemea ukuta wa upande wa uani, karatasi iko magotini. Kwa hiyo mwandiko uvumilie.

Nilifika juzi. Mvua ilikuwa inanyesha, nami nilisimama uani na mwavuli nikiuangalia mfereji wako unavyobeba maji mpaka kwenye pipa, tone halipotei. Fundi wako anajua kazi. Jirani akanipa funguo, akanipa na godoro, akasema yeye haingii, hili ni la watu wawili.

Jana mchana nikaja kulala. Nilijiandaa kama siku za kazi. Nilioga, nikavaa kanga kuukuu, nikafunga mlango. Kimya kikapanda. Safari hii sikukikimbia. Nilijilaza ubavuni nikaweka kiganja ukutani nikamsalimia. Nikamwambia yote. Nikamgombeza juu ya kabati, juu ya sufi, juu ya picha ya harusi chooni. Nikamshukuru. Nilifikiri sasa usingizi utakuja, maana hakuna kilichobaki cha kusema.

Haukuja. Nililala macho wazi, mchana wote ukipita kwenye pazia. Nilisubiri mpaka nikachoka kusubiri. Nikajiuliza, kwa nini, naye yupo hapa, nami nipo hapa? Halafu nikaelewa, mwanangu, na nikakaa kitako. Alikijenga chumba hiki kwa ajili ya mwanamke anayerudi asubuhi na vilio masikioni. Mwanamke huyo hayupo tena. Masikio yangu hayana vilio. Yamekaa tupu, na mle ndani yalikuwa yanasubiri sauti yoyote ije, na Bwana Kamba, kwa wema wake wote, alikuwa anaizuia nje.

Nikainuka nikafungua mlango wa chumba. Nikaenda nikafungua na mlango wa uani. Wajukuu wa jirani walikuwa kwenye matope, wanagombania mpira, wanatukanana, mmoja analia kwa ulaghai, mwingine anapiga geti kwa fimbo bila sababu yoyote. Kelele zikaingia zote kwa pamoja. Nikarudi nikajilaza. Sikumbuki hata kufumba macho. Jirani ndiye aliyeniamsha, jua limezama, akaniambia nilikuwa nakoroma mlango wazi, na watoto walikuwa wanakuja kwa zamu kuniangalia.

Basi nyumba nakuuzia. Usikimbilie chumba cha karibu na shule, mapumziko ya shule nayajua. Mfereji umeshautengeneza, kwa hiyo gharama yake toa kwenye bei kama nilivyokubali tangu mwanzo. Ukuta sikupunguzii hata thumni moja. Sasa unajua unanunua nini, na ningekuwa mfanyabiashara kweli ningekuongezea.

Yale ya chini yaliyooza nitayashona upya mwenyewe kabla sijaondoka. Leta sufi na kitambaa kigumu cha milia. Nimeshona watu usiku mzima, magodoro hayatanishinda, na fundo lake la mara mbili nimelichunguza nikaliweza. Mwashi ataziba tundu. Halafu mimi narudi kwa binti yangu. Nimeshamwandikia asinijengee chumba uani. Anitafutie tu kitanda kipana kidogo, huyo wa mateke anakua.

Wewe ukirudi kazini asubuhi, mkono unanukia mkate na kichwa kinavuma, vua viatu, ingia. Mlango ni mzito, usukume kwa bega mpaka usikie umekaa. Usimshukuru Bwana Kamba kwa sauti, atakucheka tu. Lala, mwanangu.

Mama Zamu